Mtoto wa dada yangu anataka kufuta Windows zote kibandani Jumamosi

BARUA

Jambo sana, Yaya.

Mimi ni mama wa hapa Lubumbashi. Nina kibanda cha kuchapa, kuprinti na fotokopi upande wa Kasapa, karibu na kampasi. Wanafunzi huniletea TFC na memwari, kazi zao za kumaliza masomo, vijana huja kuandika CV na barua za kuomba kazi kwenye kampuni za migodi, na watu wa mtaa huja kwa kadi za ndoa, za ubatizo na karatasi za kilio. Nisikufiche, kadi ndizo zinazolipa kodi ya kibanda. TFC ni usiku mwingi na franka chache.

Mashine ni tatu. Mbili ni Dell OptiPlex 3020 za mezani, zilizotumika Ubelgiji kabla ya kufika huku, Core i3 zenye RAM ya GB 4. Ya tatu ni laptopi ya Baba Watoto, HP EliteBook 840 G3, ambayo huja kunisaidia wakati wa depo, wanafunzi wanapokabidhi kazi zao chuoni. Zote zina Windows 10 na Office 2016. Printa ni HP LaserJet P1102 kwa maandishi meusi, na Epson ya matangi ya wino kwa rangi.

Sasa mashine zinaniandikia kwamba msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi niliyemwita alitazama, akasema hazitapokea Windows 11, ninunue nyingine. Baba Watoto anasema hizo ni mbinu za wauzaji, mashine ikiwaka basi ni nzima, niache kelele. Na mtoto wa dada yangu mkubwa, anayesoma informatika na kulala kwetu, ana jibu lake: "Mama mdogo, tunafuta Windows zote, tunaweka Linux Mint. Ni ya bure na haina virusi." Anataka kuifanya kazi hiyo Jumamosi ijayo, mashine zote tatu kwa mara moja, kwa sababu mwisho wa mwezi anakwenda Kolwezi kufanya staji, mafunzo ya kazini.

Alinionyesha hiyo Mint, mfumo wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, kwa flashi, bila kuiweka ndani. Kusema haki, ilinipendeza. Menyu iko chini kushoto, mafolda ni mafolda. Nikatafuta Publisher, programu ya Office ninayotengenezea kadi, hakuna. Nikamuuliza, akajibu, "Kuna nyingine." Nyingine gani? Miaka yangu yote ya kadi iko kwenye Publisher: maua, pete, njiwa, majina ya familia ninazozijua. Mteja akija anasema, "Nitengenezee kama ya dada yangu," nami nafungua ile, nabadilisha majina, imekwisha.

Na si kompyuta tu. Simu yangu ameijaza programu. Moja ya kuandika madeni, moja ya kupanga kazi za siku, moja ya kuskani, moja ya kutunza manenosiri, nyingine hata sijui kazi yake. Kila moja inataka akaunti, inataka mega za intaneti, inalia usiku. Madeni bado nayaandika kwenye daftari.

Naogopa mwanafunzi alete faili yake ya Word siku ya depo, kurasa zihame. Naogopa printa zikatae. Naogopa umeme ukatike katikati. Naogopa kubaki na mashine nisizozijua na kijana yuko Kolwezi. Lakini sitaki kumvunja moyo, ni mtoto mwenye akili na ana nia njema. Halafu kuna mtu anayepita kwenye vibanda vyetu akiuza "Windows 11 ya maisha" kwa dola 20 kila mashine. Anasema anaiweka hata kwenye mashine iliyokataliwa. Nimwite huyo?

Mama wa Kibanda, Lubumbashi

JIBU

Jambo sana, mama.

Nianze na Jumamosi: asifute kitu. Linux Mint iingie kibandani, ndiyo, na kijana wako amesema kweli katika mengi. Lakini iingie kwenye mashine moja, juu ya diski mpya, na Publisher ibaki pale ilipo.

Kuhusu lile tangazo, Baba Watoto na fundi kila mmoja ameshika upande wake. Windows 10 haikufa tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itawaka, Word itafunguka, karatasi itatoka. Kilichosimama ni masasisho ya usalama ambayo Microsoft ilikuwa ikiyatuma kila mwezi, kwa hiyo tundu likigunduliwa leo, kwako halizibwi. Office 2016 nayo iliachwa siku hiyohiyo. Kuna nyongeza ya masasisho kwa watu wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, kwa kulipa dola 30 au bila kulipa ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwao. Kama Windows zako ni halali, ichukue, inakupa nafasi ya kufikiri. Na fundi hakukudanganya: Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Dell zako ni za kizazi cha 4, laptopi ni ya kizazi cha 6. Hazina ubovu wowote, zimewekwa tu nje ya orodha.

Hapo ndipo namwacha Baba Watoto. Mashine ya nyumbani inayoandika barua moja kwa wiki ingeweza kukaa na Windows 10 kwa muda bila wasiwasi mkubwa. Yako inapokea flashi za watu wasiojuana kuanzia asubuhi mpaka jioni, na intaneti juu yake. Kama kuna mashine mtaani isiyofaa kuachwa na matundu wazi, ni ya kibanda cha kuprinti.

Kijana anasema Linux haina virusi. Hapo ameongeza chumvi kidogo. Virusi vya Linux vipo, ila vile vinavyosafiri kwa flashi huku kwetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na vikifika kwenye Linux vinabaki kuwa faili tu lisilofanya lolote. Unakijua kile kirusi kinachoficha mafolda ya mwanafunzi na kumwachia njia za mkato, naye anaanza kulia kwamba TFC yake imepotea? Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux, mara nyingi folda lililofichwa linaonekana wazi kabisa, maana Linux haifuati ile alama ya "ficha" ambayo kirusi kimeweka. Unanakili faili ya Word, mengine unayaacha hukohuko. Mimi kwa kibanda chako ningeibadili mashine moja kwa sababu hiyo peke yake.

Na neno "bure" lisikutie shaka. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo ndiyo iliyo chini ya Android, kwa hiyo kama simu yako ni ya Android umekuwa ukiitumia miaka yote. Mint ilianza mwaka 2006, na matoleo ya 22 yanapata masasisho hadi 2029. Unachopaswa kuchunga ni mahali pa kuipakulia. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa mlango wa siri wa kuingilia mashine. Ndiyo maana kuna ile namba ndefu ya uhakiki, SHA256, inayowekwa pembeni ya faili. Muulize kijana kama aliihakiki kabla ya kutengeneza flashi yake. Akibabaika, aipakue upya. Ni kama GB 3, bora atumie wifi ya kampasi kuliko mega zako.

Sasa twende kwenye mpango wake wa mashine tatu kwa siku moja. Jandarmeri ya Ufaransa, jeshi lao linalofanya kazi ya polisi, yenye makumi ya maelfu ya kompyuta na mafundi wake yenyewe, haikufanya hivyo. Mwaka 2005 walianza kuwahamisha askari kutoka Microsoft Office kwenda OpenOffice, programu ya bure ya kazi zilezile, huku Windows ikibaki. Mwaka 2006 wakaweka Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe, Windows bado ipo. Linux yenyewe, ya aina ya Ubuntu, ikaanza kuingia mwaka 2008, wakati watu walikuwa tayari wanazijua programu zote zilizo ndani yake. Mji wa Munich, Ujerumani, ulibadili kompyuta kama 15,000, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Sababu za Munich zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini mfuatano wa Wafaransa ndio ninaoutaka kibandani kwako: programu kwanza, mfumo baadaye.

Maana yake ni kwamba wiki hii kijana aweke LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Office, kwenye Dell moja, juu ya Windows 10 hiyohiyo. Inakaa pamoja na Office 2016 bila ugomvi. Aweke na Firefox kama huna. Halafu kazi zisizo za haraka, CV, barua, fomu, uzifanyie huko. Ukikwama, Word iko palepale, unaifungua na mteja hajui kitu. Mteja anakula bukari, yaani ugali, haulizi sufuria ilitoka wapi. Mambo mawili uyabadili siku ya kwanza. Fungua Outils, halafu Options, halafu Chargement/enregistrement, uiambie ihifadhi daima kwa muundo wa Word, docx, ili mwanafunzi akirudi kwao faili ifunguke. Hapohapo kuna muda wa kuhifadhi nakala ya dharura. Huja ikiwa dakika 10, na kwa umeme wa Lubumbashi dakika 10 ni kurasa nzima. Weka 2.

Kurasa zitahama? Tuzungumze ukweli, maana hapa vijana wa Linux hupenda kuruka. TFC ya kawaida, Times New Roman 12, vichwa vya habari, tanbihi, jedwali rahisi, hufunguka vizuri. Zinazosumbua ni faili zenye visanduku vya maandishi vilivyopachikwa juu ya picha, michoro ya SmartArt, na ile namba ya kurasa inayoanza kwa kirumi kisha inageuka tarakimu, hasa ikiwa mwanafunzi aliitengeneza kwa kubahatisha. Kuna na suala la fonti. Kwenye Windows utakuwa na fonti zako zote, kwa hiyo majaribio yataonekana mazuri kuliko yatakavyokuwa baadaye. Linux haiji na Times New Roman wala Calibri. Badala yake ina Liberation Serif na Carlito, ambazo herufi zake zina upana uleule, ili mistari isisogee. Times New Roman na Arial halisi zinaweza kuongezwa kwa kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer. Carlito na Caladea, inayoshika nafasi ya Cambria, kijana ahakikishe zimo kabla hujapokea faili ya mtu.

Na kuna sheria moja ya kibanda ambayo ingekufaa hata kama hubadili chochote. Faili ya kuprinti kwa depo ije kwa PDF. Andika kwa kalamu nene, bandika ukutani. PDF haihami kurasa kwenye mfumo wowote, na mwanafunzi akiona kosa ni lake, si lako. Anayeleta docx saa moja kabla ya depo akae kando yako, atazame kila ukurasa kwenye skrini kabla hujabonyeza kitufe.

Publisher sasa. "Kuna nyingine" si jibu la kumpa mtu anayelipa kodi kwa kadi. Ni kweli kuna Scribus, kuna Inkscape, kuna LibreOffice Draw. Draw inaweza hata kufungua faili za Publisher, ila mara nyingi njiwa atakuwa amehamia kwenye jina la bwana harusi, na ukimaliza kurekebisha haiwezi kuhifadhi tena kwa muundo wa Publisher. Scribus ni nzuri kwa mtu anayepanga gazeti. Kwa kadi ya kukunja naiona ina milango mingi mno. Canva inapendwa na vijana, lakini inakula mega na bila mtandao umesimama. Kwa hiyo usihamishe kadi zako za zamani. Dell moja ibaki na Windows 10 na Publisher, itolewe kwenye mtandao kabisa, na isiguswe na flashi ya mteja yeyote. Hiyo ni mashine ya kadi. Publisher uliyonayo ndani ya Office 2016 haitazimika. Lakini ujue Microsoft imetangaza kwamba inaiacha Publisher Oktoba 2026, hata kwa wanaolipa kila mwezi. Basi kila kadi unayoipenda ihifadhi na kwa PDF pia, kidogokidogo siku zisizo na wateja, na nakala ya folda lote ikae kwenye diski ya nje nyumbani, si kibandani. Kadi mpya za mtindo mpya jaribu kuzichora kwenye Draw tangu mwanzo. Usianze na harusi ya mtu mkubwa. Anza na ubatizo.

Dell ya pili ndiyo itakayopokea Linux. Itakaa mbele, itachukua flashi zote, WhatsApp ya wateja, fomu za mtandaoni. WhatsApp haina programu yake rasmi ya Linux, unaifungua kwenye kivinjari kwa kuskani alama na simu, kama wengi wanavyofanya hata kwenye Windows. Faili ikishakuwa safi na ni PDF, unaiprinti hapohapo.

Namna ya kuiweka ndiyo itakayokuondolea hofu. Usifute diski ya zamani. Nunua SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, ndogo ya SATA, GB 240 inatosha. Kijana azime mashine, achomoe umeme, afungue Dell, atoe kebo kwenye diski ya sasa na kuipachika kwenye SSD. Diski ya zamani anaiondoa, mnaifunga kwenye bahasha, inakaa kwenye droo. Mint inawekwa kwenye SSD tupu. Umeme ukikatika katikati hakuna kilichopotea, anaanza upya. Mambo yakikushinda, anarudisha diski ya zamani na Windows yako inawaka kama ulivyoiacha, mafaili yote yakiwemo. Na hiyo SSD ndiyo itakayoifanya mashine iwe nyepesi kuliko mfumo wowote. Aweke toleo la Xfce, ndilo jepesi zaidi kwa RAM ya GB 4. Ukipata pesa nyingine, ongeza RAM, ni DDR3, kwa kuwa kinachokula kumbukumbu siku hizi ni kivinjari.

Kabla ya yote hayo, kuna asubuhi moja ya majaribio kwa ile flashi yake. Kwenye Dell mnabonyeza F12 inapowaka, kwenye HP ni F9, mnachagua flashi, Mint inafunguka bila kugusa diski. Safari hii msitazame menyu. Chomeka printa. Ile P1102 ina tabia yake: inahitaji HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP kwenye Linux, pamoja na kiongezi cha HP kinachopakuliwa kutoka mtandaoni, kwa hiyo mega ziwepo siku hiyo. Epson nyingi za matangi ya wino huenda kwa kiendeshi kinachoitwa escpr. Toa ukurasa wa maandishi, toa picha ya pasipoti ya rangi, skani kitambulisho. Halafu kibodi. Mashine zako zilitoka Ubelgiji, na mpangilio wa vitufe, AZERTY, wa Ubelgiji si sawa na wa Ufaransa, alama kadhaa zimekaa kwingine. Wakati wa kuweka mfumo achague Belge, asichague Français, la sivyo utaandika barua pepe ya kwanza ukitafuta @ kibodi nzima. Kama printa moja imekataa katakata asubuhi hiyo, mnasimama hapo. SSD bado haijanunuliwa, hakuna aliyepata hasara.

Laptopi ya Baba Watoto iacheni. Ni yake, na hajaomba kubadilishiwa.

Nije kwa simu. Kijana amekupa programu za mtu anayependa programu. Mimi naipima kila moja kwa swali hili: inaondoa kazi gani ninayoifanya leo kwa mkono? Ya madeni haijaondoa daftari, basi ifute. Daftari halihitaji chaji na mdaiwa anaweka saini mwenyewe. Ya kupanga kazi ifute, mstari wa wateja ndio ratiba yako. Ya kuskani ina maana siku mtu anataka karatasi yake kwa WhatsApp na skana imeshikwa, ila chagua moja isiyodai akaunti, maana vitambulisho vya watu havifai kwenda kukaa kwenye seva usiyoijua. Ya manenosiri ibaki kama ni ya aina ya KeePass, inayotunza faili kwenye simu yenyewe. Halafu kuna moja ambayo labda hakukupa: LocalSend. Inapeleka faili kutoka simu hadi kompyuta kwa wifi ya ndani, bila mega hata moja, na ipo kwa Android, iPhone, Windows na Linux. Wewe na kijana mtaitumia kila siku. Kwa wateja ni ngumu kidogo, kwa kuwa nao lazima wawe nayo, lakini wanafunzi wanaorudi kila wiki wataiweka wakijua inawaokolea mega. Jaribu programu moja kwa wakati mmoja, wiki mbili. Usipoigusa, itoke.

Kijana mwenyewe ukae naye, si kumkatalia. Mwambie: mwanangu, nakubali, lakini kwa mpangilio wangu, na kazi hii nakulipa. Umlipe kweli, hata kama ni franka kidogo, kwa sababu anayelipwa anaweza kuulizwa. Kama Kolwezi ni mwisho wa mwezi huu, basi mwezi huu afanye LibreOffice na asubuhi ya majaribio tu. SSD na Mint zingoje arudi, tena nje ya msimu wa depo. Asikuwekee mfumo mpya halafu apande basi. Na atakapouweka, nenosiri la msimamizi aliandike mbele yako kwenye daftari, ulichape mwenyewe mara moja uone kwamba linakubali. Mwombe pia akuonyeshe Timeshift, iliyomo ndani ya Mint, inayorudisha mfumo kama ulivyokuwa kabla ya kuharibika. Masasisho ya Mint hayakulazimishi kuzima mashine mteja akiwa amesimama. Unayaruhusu wewe, jioni, ukiwa na wifi.

Yule wa "Windows 11 ya maisha" usimwite. Kuiweka kwenye mashine iliyo nje ya orodha kunawezekana, programu ya bure iitwayo Rufus inaondoa ule ukaguzi, na kijana wako anaweza kuifanya akiwa anakula. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na kwenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani itatambaa. Anachokuuzia yeye ni kazi hiyo ya bure pamoja na kifungua leseni ambacho hakuna ajuaye kimebeba nini ndani. Dola 60 za mashine tatu weka kwenye SSD. Akipita tena, muulize kama ana kitu cha kufotokopi.